Uchambuzi wa kisa: Kaya ya Masisi iliyouza mbuzi kabla ya tiketi

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa wanaofanya kazi na wakimbizi katika ukanda wa Maziwa Makuu: wasaidizi wa kisheria, wakalimani, wenyeviti wa vijiji vya makazi, wachungaji na mashehe wanaoulizwa maswali yasiyo ya dini. Hakuna jina la mtu, makazi hayatajwi, na umri pamoja na tarehe kadhaa za familia vimesogezwa. Tarehe za vita, za sheria na za maamuzi ya serikali hazikuguswa. Mwenye kesi alisomewa maandishi na akaridhia yatumike.

Nimekichagua kwa sababu mjadala kuhusu wajibu wa nchi tajiri kwa wakimbizi mara nyingi huishia kwenye huruma: wana moyo au hawana. Hapa tuna kaya ambayo nchi tajiri, Marekani, ilikuwa imeshaikubalia kuhamia kwake, kabla ya kufunga mlango. Ukianzia hapo, habari ya moyo inawekwa kando na mazungumzo yanakuwa ya deni.

Kaya na walikotoka

Mama N. ni mzaliwa wa vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), wa ukoo wa wakulima wa viazi na maharage. Mwaka 2024 kaya yake ilikuwa ya watu sita: yeye, mama yake mzazi, binti mkubwa wa miaka 21, wavulana wawili wa shule ya msingi, na kijana wa miaka 16 aliyeachwa na marehemu dada yake. Mume wake kwenye fomu ameandikwa "hajulikani alipo". Upande wa wakwe walishaanua matanga zamani.

Alihama mara ya kwanza mwishoni mwa 2007, wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, walipokuwa wakipambana na jeshi la serikali. Akakaa kambini pembezoni mwa Goma, akarudi kijijini baada ya makubaliano ya 23 Machi 2009 yaliyowaingiza wapiganaji hao jeshini. Tarehe hiyo ndiyo iliyokuja kuwapa M23 jina lao: mwaka 2012 sehemu ya askari wale waliasi wakidai makubaliano hayakutekelezwa. Jeshi likahamishiwa Rutshuru kuwakabili, na vijiji vya Masisi vilivyoachwa wazi vikawa uwanja wa makundi ya wanamgambo ya Raia Mutomboki na Nyatura, wakilipiziana kisasi kilima kwa kilima. Mume alitoka asubuhi kwenda kuchimba viazi. Jioni kijiji kiliungua.

Jambo hili lisomwe vizuri kabla ya kuendelea, kwa kuwa wengi hudhani watu wa Masisi wanakimbia "vita vya M23" na basi. Mama N. hakukimbizwa na M23. Alikimbizwa na pengo ambalo M23 walilitengeneza. Ghasia za ukanda huu zinakwenda hivyo: jeshi linavutwa upande mmoja, upande mwingine watu wanachinjana, na anayekimbia hawezi kutaja adui mmoja. Baadaye katika kesi hili lilikaribia kumgharimu.

Uganda

Walivuka mpaka hapo Bunagana katikati ya 2012, wakapokewa kituo cha mapito cha Nyakabande, Kisoro, kisha lori likawapeleka makazini magharibi mwa nchi. Uganda iliwatambua bila kumhoji kila mmoja kivyake, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ikawapa haki ya kufanya kazi na kutembea. Tanzania sheria yake ya 1998 inawaweka wakimbizi kambini. Kenya ilishikilia sera ya kambi kwa miaka mingi kabla ya sheria yake ya 2021. Kwa hiyo Mama N. alikuwa na bahati ya jirani: alipewa kiwanja na shamba dogo, akapanda mahindi na maharage, akafuga mbuzi.

Bahati hiyo ikaanza kumomonyoka. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulipunguza mgao nchini Uganda kwa asilimia 30 Aprili 2020, na kufikia Februari 2021 mgao ulikuwa asilimia 60 ya kawaida. Mwaka 2023 kaya zikagawanywa makundi kwa kiwango cha uhitaji, na kaya hii ikaangukia kundi la kati kwa sababu mbili ambazo mtathmini aliziona kwa macho: shamba na mbuzi. Aliyejitahidi alikatwa. Ardhi nayo haikuongezeka, watu waliongezeka. Bunagana ilipotekwa na M23 Juni 2022, kaka yake Mama N. alifika na mke na watoto watano, wakalala sebuleni miezi mingi wakisubiri kiwanja, na kilipotoka kilikuwa kidogo kuliko kile cha 2012.

Kesi ya Marekani

UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipendekeza kaya hii kwa Marekani mwaka 2017, kama mwanamke aliye hatarini mwenye watoto. Kati ya wakimbizi wote duniani, wanaopata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki asilimia moja, hivyo kupendekezwa tu kulikuwa habari ya kijiji kizima.

Kilichofuata ni miaka ya kusubiri, na sababu zilikuwa za kila aina. Mwaka 2018 Uganda na UNHCR walihesabu wakimbizi wote upya kwa alama za vidole baada ya kashfa ya takwimu zilizovimbishwa, kesi zikasimama. Mwaka wa bajeti wa 2020 Marekani ilishusha kikomo cha wakimbizi hadi 18,000. Machi mwaka huo korona ikafunga safari zote. Halafu kulikuwa na suala la kijana. Kwa mila za kwao mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Kwa fomu ni mtoto wa mtu mwingine, na lazima kamati ithibitishe kwamba kuondoka na Mama N. ni kwa maslahi yake. Tathmini hiyo peke yake ilikula zaidi ya mwaka mmoja.

Mahojiano na afisa wa uhamiaji wa Marekani yalifanyika 2023. Kwa maelezo ya Mama N., sehemu ngumu ilikwenda hivi:

— Walikufuata wewe kwa sababu gani?
— Hawakunifuata mimi. Walikuja kijijini.
— Kwa nini kijiji chako?
— Kijiji chetu kilikuwa njiani.

Anayeishi ukanda huu anaona jibu hilo limetosha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua pia kama mkimbizi mtu aliyelazimika kuondoka kwa uvamizi wa nje, ukaliaji au matukio yaliyovuruga vibaya amani ya umma. Kijiji kuwa njiani kinaingia humo. Sheria ya Marekani inafuata msingi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa 1951: mateso yawe kwa sababu ya rangi au asili, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii, au msimamo wa kisiasa. Kuwa njiani hakumo. Mtu huyuhuyu, moto uleule, Kampala ni mkimbizi bila swali na mezani kwa afisa wa Marekani yuko ukingoni.

Kilichomwokoa ni kwamba afisa hakufunga faili. Alirudi nyuma akauliza usiku ule ulivyoanza, na hapo Mama N. akataja jambo ambalo hakuwahi kulitaja popote, kwa kuwa kwake lilikuwa wazi mno: kabla ya kuchoma, wale watu waliita majina ya wenye nyumba na kusikiliza anayejibu anajibu kwa lugha gani. Hiyo ni asili, na asili imo katika sheria. Kesi ikakubaliwa kwa masharti.

Nusu ya pili ya 2024 walipimwa afya, wakapewa mafunzo ya maisha ya Marekani, na wakakabidhiwa mfuko mweupe wa kuwekea hati, wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi. Mwishoni mwa Desemba simu ikaita: mjiandae, huenda ikawa Februari. Tiketi haikuwa imetoka.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa zamani: kutomwacha kijana. Mama N. aliambiwa na watu, si na ofisi, kwamba akimtoa kwenye kesi mambo yatakwenda haraka. Alikataa. Ulikuwa uamuzi sahihi kwa kila kipimo ninachokijua, na uliwagharimu takriban miezi kumi na tano. Nafasi za safari za 2024 zilikuwa nyingi kuliko za miaka mingi iliyotangulia: Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000 katika mwaka wa bajeti ulioishia Septemba 2024, na Wakongo ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote. Bila ile tathmini, yaelekea kaya hii ingekuwa ndani ya idadi hiyo. Hesabu chungu, lakini ndiyo hiyo.

Uamuzi wa pili ulimhusu binti. Alikuwa na mchumba, kijana wa makazi hayohayo aliyekuja nyumbani na wazee wake kwa heshima zote. Ila mtoto husafiri kwenye kesi ya mzazi akiwa hajaoa wala hajaolewa. Akiolewa, anatoka. Basi posa ikawekwa kando "mpaka tufike". Hakuna ofisi iliyomwambia asiolewe, walimweleza tu kanuni. Lakini kanuni ilipangia umri wa miaka 18 hadi 21 wa msichana huyu, na ilipofika Krismasi 2024 wazee wa upande wa pili walikuwa wamechoka kungoja.

Wa tatu ndio uliokipa kisa jina. Wiki ya kwanza ya Januari 2025 Mama N. aliuza mbuzi wote, magodoro mawili, baiskeli na mahindi ya ghalani. Shamba akamwachia kaka yake. Wavulana hakuwaandikisha shule muhula uliokuwa ukianza, maana ada na sare za miezi miwili aliona ni hasara.

Wafanyakazi kadhaa wa mashirika walioisikia hadithi hii baadaye waliguna: kwa nini kuuza kabla ya tiketi? Jibu ni soko. Taarifa ya safari huja ikibaki wiki mbili, mara nyingine pungufu. Kuanzia siku hiyo makazi yote yanajua wewe ni "mtu wa safari", na wanunuzi hukaa tu wakingoja, kwa kuwa mbuzi hapandi ndege. Aliyeuza katika wiki ya mwisho alipata nusu ya bei, wengine waligawa bure. Mama N. alikuwa ameona majirani wakinyonywa hivyo mwaka mzima, naye aliuza mapema, kimyakimya, mmoja leo mmoja kesho, akapata bei nzuri. Kama mfanyabiashara hakukosea popote.

Januari 2025

Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ianze kutumika 27 Januari. Haikungojewa tarehe hiyo: ndani ya siku chache safari zilizokwisha pangwa zikaanza kufutwa, zikiwamo za watu wenye tiketi mkononi. Tarehe 27 Januari, siku ileile mlango ulipofungwa rasmi, M23 waliingia Goma.

Katikati ya tarehe hizo mbili ulisimamishwa pia msaada wa Marekani kwa nchi za nje. Hili liliigusa kesi kwa namna ambayo magazeti hayakuiona. Msaidizi wa kisheria aliyekuwa akiijua kesi ya Mama N. alipoteza ajira, kwa kuwa mshahara wake ulitoka kwenye fungu hilohilo. Waliofungiwa safari na aliyepaswa kuwaeleza kwa nini wamefungiwa walifungiwa kwa kalamu moja.

Bukavu ilianguka katikati ya Februari. Kambi za pembezoni mwa Goma, kama ile alikoishi Mama N. mwaka 2008, zilivunjwa baada ya M23 kuwataka watu waondoke warudi kwao. Ndugu waliobaki Masisi wakaanza kupiga simu kuuliza njia ya Uganda.

Tulichofanya

Tulibaki watu wachache wa kujitolea, tukakubaliana kutosambaza uvumi hata ule wa kutia moyo, na kushughulikia kwanza yale yaliyo ndani ya uwezo wa makazi.

Shamba lilirudi kwa urahisi kuliko tulivyotegemea. Mama N. hakuwa amesaini kukabidhi kiwanja kwa ofisi, alikuwa amekiacha kwa ndugu kwa mdomo, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa shahidi. Kaya nyingine mbili zilizokuwa zimesaini zilihangaika miezi. Shule ilikubali wavulana wiki ya nne ya muhula baada ya mwalimu mkuu kuelezwa, na ada ikatoka kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho Mama N. alikuwa amejitoa Desemba. Walimrudisha kwa kura. Sikuwa na uhakika kama wangekubali, kwa kuwa anayeondoka huwa anaonewa kijicho.

Kuhusu sheria: Februari 2025 shauri lilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho Seattle kupinga amri, na jaji akatoa zuio. Mahakama ya rufaa ikaliondoa kwa sehemu kubwa, ikabakiza ulinzi kwa kundi dogo la waliokuwa wamekubaliwa na kupangiwa safari kabla ya 20 Januari. Tulisoma maelezo hayo mara nyingi tukitafuta upenyo. Mama N. alikuwa na kukubaliwa, na afya, na mafunzo, na mfuko mweupe. Tiketi hakuwa nayo.

Jamaa wa kanisani aliyeko Kanada alitaka kuwadhamini kupitia kikundi cha watu watano. Kanada ilikuwa imesitisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya namna hiyo tangu Novemba 2024.

Matokeo hadi sasa

Kaya ipo makazini. Vipimo vya afya vimekwisha muda, na mlango ukifunguka watapimwa upya, kukaguliwa upya, huenda na kuhojiwa upya. Kikomo cha wakimbizi wa Marekani kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kiliwekwa 7,500, na kipaumbele kikatolewa kwa Waafrikana, wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana.

Mei 2025 WFP ilikata kabisa chakula kwa watu wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kaya hii, isiyo tena na mbuzi, ilihesabiwa kwa rekodi ya zamani iliyoonyesha inao. Rufaa yao ilichukua miezi minne.

Mchumba wa binti ameoa kwingine.

Kijana aliondoka mwezi Juni. Alikuwa mtulivu kupita wote, akisaidia wadogo zake masomo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Alikwenda Kampala, kisha ujumbe ukaja kutoka Tanzania, baadaye Malawi. Anaelekea Afrika Kusini kwa njia za panya, na deni la msafirishaji limeshafika mlangoni kwa Mama N.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa ni kile kilichotegemea watu wanaojuana: mwenyekiti, mwalimu mkuu, kikundi cha kuweka na kukopa. Na Uganda yenyewe, tuseme ukweli. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na ndiyo sababu kaya iliyofutiwa safari ilikuwa na shamba la kurudia. Wakongo waliofutiwa safari wakiwa kambini kwingine hawakuwa nalo.

Kilichoshindikana zaidi ni kijana. Timu iligawa kazi kwa aina ya mahitaji: ardhi, shule, chakula, sheria. Kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa na shida ya ardhi wala ya ada hakuangukia kwa mtu yeyote. Yeye pia ndiye aliyejua, maana watoto husikia, kwamba tathmini yake ndiyo iliyochelewesha kesi. Naamini alijihesabia hasara ya nyumba nzima, ingawa hakuacha neno. Katika kaya nyingine zilizofutiwa safari sasa tunaanza na huyo: nani hapa anadhani ni kosa lake?

Maandalizi ya mahojiano nayo yana la kujifunza. Kumwandaa mtu si kumfundisha uongo. Ni kumsaidia aone kwamba lile analolichukulia kuwa la kila mtu, kama kuulizwa lugha kabla ya kuchomewa nyumba, ndilo mwenye kuuliza analolitafuta. Mama N. alipona kwa uvumilivu wa afisa mmoja. Mwingine angeweza kuandika "vita vya jumla" na kufunga.

Nani anadaiwa nini

Kisheria hakuna mkimbizi anayeweza kudai kuhamishiwa Marekani au Norway. Mkataba wa 1951 unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, na utangulizi wake unakiri kwamba hifadhi inaweza kuzielemea mno nchi fulani na kwamba suluhisho halipatikani bila ushirikiano wa kimataifa. Kukiri huko hakujawahi kugeuzwa kuwa kiwango. Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi ya Desemba 2018 nayo si ya lazima. Hivyo mtu akiniambia nchi tajiri haziwajibiki kisheria kuwachukua watu wote wa makazi yale, simbishii.

Ila kesi ya Mama N. haikuwa ombi tena. Kwa miaka saba serikali moja ilimwelekeza akae wapi, amwandike nani, binti yake awe katika hali gani, apimwe lini. Ahadi ni deni, na deni hili lilianza kabla ya tiketi. Mahakama ya rufaa ilichora mstari kwenye safari iliyothibitishwa kwa sababu mstari lazima uchorwe mahali, lakini maisha ya kaya hayakuanza kupindishwa siku ya tiketi. Yalipindishwa binti aliposema "mpaka tufike". Nchi inayotaka kubadili sera ina haki hiyo. Walioko ndani ya mlango tayari ilipaswa kuwamalizia, au angalau kuwalipa kile walichokiuza kwa kuifuata.

Deni la pili ni la chanzo, na hapa naona ndipo penye uzito mkubwa kuliko safari zote. Mwaka 2012, M23 walipokuwa wakisonga mbele hadi kuiteka Goma mwezi Novemba, Marekani, Uingereza, Ujerumani na wengine walizuia misaada kwa Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja kuwa mfadhili wa kundi hilo, nayo ikakana. Mwaka uliofuata kikosi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilipewa ruhusa ya kupigana, na kufikia Novemba 2013 M23 walikuwa wameshindwa. Kwa hiyo shinikizo lilijulikana, na lilijulikana kwamba linafanya kazi. M23 waliporudi mwishoni mwa 2021, wataalamu walewale wakaandika ripoti baada ya ripoti kuhusu askari wa Rwanda ndani ya Kongo. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda makubaliano ya madini muhimu. Miezi miwili mitatu baadaye M23 wakashika Rubaya, Masisi, penye moja ya migodi mikubwa duniani ya koltani, madini yanayotumika kwenye simu, na wataalamu wakakadiria kundi hilo linakusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kwa kuyatoza madini hayo. Vikwazo vya Marekani dhidi ya waziri wa Rwanda James Kabarebe vilikuja Februari 2025, vya Ulaya Machi. Goma na Bukavu zilikuwa zimeshaanguka. Watu wa wilaya ya Mama N. wanakimbia kilima ambacho udongo wake uko ndani ya simu za wanaowafungia mlango.

Kuna watakaosema: na Kinshasa je? Na Rwanda? Na Uganda yenyewe? Wana haki ya kuuliza. Jeshi la Kongo na wapiganaji linaoshirikiana nao wamefukuza raia wao wenyewe, na hakuna mfadhili wa Ulaya aliyewalazimisha kufanya hivyo. Kuhusu Uganda kuna jambo linalosahaulika kirahisi: Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Milioni 225 za madhara kwa watu, 40 za mali, 60 za maliasili, kwa awamu za milioni 65 kila mwaka. Mwenyeji mkarimu kuliko wote ni mdaiwa pia.

Mimi hukumu ile naisoma kama jibu kwa wanaodai kwamba deni la ghasia halipimiki. Limepimwa, tena kwa nchi maskini, na awamu ya kwanza ililipwa 2022. Wenye viwanda vilivyonunua madini ya kipindi hichohicho hawajawahi kuketishwa mahali pa kupimiwa lao.

Deni la tatu ni la kugharamia wenyeji, na halihitaji maneno mengi. Kukata chakula cha watu milioni moja katika nchi iliyokubali kuwapa ardhi ni kuiadhibu kwa kukubali. Majirani wengine wa Kongo wanatazama.

Tulichobadilisha, na pingamizi la mwenye kesi

Timu sasa inazishauri kaya zenye kesi zisisaini kukabidhi kiwanja kabla ya siku ya kupanda basi, watoto waandikishwe shule hata kama safari ni kesho, anayejitoa kwenye kikundi aombe likizo badala ya kujiuzulu, na kila mwenye umri wa kuelewa azungumzwe naye peke yake. Tulikuwa tumeandika pia: msiuze mali kabla ya tiketi.

Mama N. aliposomewa sentensi hiyo alikataa. Alisema mwenye kuiandika hajawahi kuuza mbuzi ndani ya wiki mbili. Akataka tuandike badala yake kwamba shirika linalosafirisha watu linunue mali hizo kwa bei ya soko na kuzishikilia, safari ikifutwa zirudi kwa mwenyewe, ikifanyika ziuzwe kwa kaya mpya zinazofika kutoka Kivu. Tumeipeleka hoja hiyo kwenye ofisi mbili. Moja imesema haina fungu la mbuzi, nyingine haijajibu.